Mawakala wa kazi za Uarabuni, hiyo hela ya semina mnayotoza ni ya nini?

Wakuu, leo nimekuja na hasira, mniwie radhi.

Mdogo wangu kaenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani kupitia ofisi moja ya hapa mjini. Sitaji jina, sina hela ya wakili. Kabla ya safari walimtoza hela ya semina. Siku nzima anafundishwa kuwasha mashine ya kufulia na kupiga pasi kanzu, na wimbo ukawa ule ule: vumilia, binti, vumilia. Cha kufanya akishashuka kwenye ndege? Hakuna aliyegusia.

Basi alipomaliza foleni ya uhamiaji akakuta jamaa kashika karatasi yenye jina lake. Hata salamu hakuna, mkono umenyooshwa: pasipoti. Akampa, angefanyaje? Halafu simu, eti "nikuwekee laini ya huku". Ikarudi kesho yake jioni. Usiku kucha mama anapiga namba ya Bongo, haipatikani. Wakala tukimtafuta anajibu, "Tulieni, si WhatsApp ipo?" WhatsApp ipi? Simu za sauti za WhatsApp Oman zimekuwa zikizuiwa miaka nenda rudi, kila aliyeishi kule anajua. Wewe unayesafirisha watu kila wiki ndiyo hujui?

Nilipomfuata ofisini akaniuliza, "Kwani amekufa?" Nikatoka, maana ningemkaba.

Kinachoniuma zaidi, haya mambo si siri. Oman walishatoa waraka tangu 2006 unaokataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Haukuwa na adhabu, ndiyo maana wanaupuuza. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu dada zetu wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, walihoji 50, karibu wote walinyang'anywa pasipoti, na wengine walipigishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Mawakala mnayajua yote haya na bado mnamwachia binti ayagundue peke yake pale uwanjani.

Halafu kuna kafala, ule mfumo wao wa udhamini. Viza inamfunga kwa mwajiri, akitoka nyumba ile bila ruhusa anaripotiwa mtoro, na mkosaji anageuka yeye. Mtu asiyejua hilo akizidiwa anakimbilia barabarani, wakati pa kukimbilia ni ubalozini. Na wale mnaowapitisha kwa viza ya matembezi, bila mkataba uliopita ubalozini, hao mmewatupa kabisa.

Mngepungukiwa nini kumpa karatasi moja? Nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba kwa Kiswahili anachokisoma, namba ya ubalozi wetu Muscat na 9999 ya polisi wa kule. Ashonee ndani ya pindo la gauni, na namba azikariri kabisa, maana simu ndiyo huchukuliwa mapema. Fotokopi ni shilingi ngapi jamani? Nyie mmekula malaki!

Tumejipanga wenyewe kinyumbani. Akiongea, mama mwenye nyumba huwa kakaa pembeni, kwa hiyo tuna mafumbo: akiuliza kama yule mbuzi wa bibi amezaa, tujue kuna shida. Bibi hana mbuzi. Akipata intaneti anatuma lokesheni, maana mtaa anaoishi mpaka leo hajui unaitwaje, anajua tu kuna duka la simu ng'ambo ya barabara.

Wale wa "si alienda kwa hiari yake", piteni kule. Kwenda kwa hiari si kibali cha kumtupa mtu ugenini mikono mitupu.

Mwenye dada au binti aliyepitia kwa wakala, aseme hapa alikabidhiwa nini mkononi siku ya kuondoka. Nataka nijue kama kuna hata ofisi moja inayofanya kazi ya maana. Na mods, tafadhali msiuunganishe huu uzi na ule wa nafasi za kazi Uarabuni, mawakala wameshajaa kule.