Mkataba wa pikipiki: siku tisa bila hesabu, bosi kachukua chombo

Dogo wa Msamvu
Wakuu, naomba mwongozo. Mwaka jana mwezi wa nne nilichukua Boxer mpya kwa mkataba hapa Morogoro. Hesabu, yaani malipo ninayompelekea bosi, elfu kumi kwa siku, Jumapili napumzika, miezi 13, halafu kadi inakuja jina langu. Ukipiga jumla ni 3,380,000. Dukani iliuzwa 2,700,000, najua kwa sababu tulienda kuichukua pamoja. Sikulalamika, mwenye mtaji naye ale. Mafuta, tairi, sevisi, vyote juu yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu nikateleza kwenye mchanga Kihonda, mguu ukafungwa plasta ngumu (POP). Siku tisa sikupeleka hesabu. Bosi nilimpigia siku ile ile ya ajali, akasema pole. Siku ya kumi alfajiri kaja na ufunguo wa akiba, kaondoka nayo. Namuuliza, ananijibu soma kipengele cha saba. Nimekisoma: dereva asipoleta hesabu siku tatu mfululizo mkataba umekufa, chombo kinarudi kwa mmiliki na dereva hana cha kudai. Ni kweli nilisaini, mbele ya mjumbe, nina haraka ya kuingia barabarani.

Nimeshalipa 2,600,000. Nilikuwa nadaiwa 90,000. Hii ni haki kweli?

Tajiri Mdogo
Pole kwa mguu, mdogo wangu. Ila tusikieni na sisi. Mimi ninazo tatu barabarani. Ya nne kijana alinipa hesabu wiki sita, akazima simu, pikipiki nikaikuta kwa fundi imebaki chesesi. Kadi ina jina langu, ikigonga mtu naitwa mimi polisi. Bila kipengele kama hicho hakuna atakayekukabidhi mali ya milioni mbili na ushee kwa barua ya mjumbe.

Ila miezi kumi umelipa bila kukosa, kisha siku tisa za POP? Hapo bosi wako kazidi. Mimi ningekuongezea siku tisa mwishoni, yaishe.

Mpiga Chapa
Nina steshenari jirani na mahakama, hiyo mikataba naichapa kila wiki. Kipengele cha saba kinahama kutoka mkataba hadi mkataba, hakuna anayekisoma, hata mabosi wenyewe.

Mimi si wakili, ila muulize wakili kuhusu kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345. Mkataba ukitaja adhabu, aliyevunjiwa hapati yote iliyoandikwa hivi hivi. Anapata fidia inayostahili. Sasa bosi wako kapoteza nini kwa siku tisa? Elfu tisini. Kachukua nini? Pikipiki nzima, juu ya 2,600,000 alizokwishapokea. Wenzetu Kenya sheria yao ya kununua kwa awamu inasema ukishafikisha theluthi mbili ya bei, mwenye mali haichukui mpaka aende mahakamani. Wewe theluthi mbili uliipita zamani.

Mkataba wako umeandikwa "kukodi" au "kuuziana"? Yeye atasema ulikuwa mpangaji tu, kwa hiyo neno hilo ni kubwa. Na ushahidi wa malipo unao?

Mwenyekiti wa Kijiwe
Kabla ya mahakama, nenda naye kwa mjumbe yule yule aliyeshuhudia. Uende na viongozi wa kijiwe, usiende peke yako na magongo. Mabosi wengi wanalegea wakiona watu wanne.

Dogo wa Msamvu
Asanteni wakubwa. Umeandikwa "mkataba wa kumilikishana pikipiki". Daftari ninalo, kasaini kila Jumamosi, na meseji za malipo ya simu sijafuta hata moja. Kwa mjumbe tunakwenda Jumatano, mwenyekiti wangu kakubali kunisindikiza.

Leo asubuhi nimeiona stendi. Kuna kijana mwingine anaiendesha, kava la siti ni lile lile nililoshonesha mimi. Nilimuuliza kapewa mkataba wa miezi mingapi. Kaniambia 13.