Ukuta wa chumba cha mama umelowa, na kila fundi ana dawa yake. Nimsikilize nani?

Binti wa Bombo

Salamu wakubwa kwa wadogo. Nyumba ni ya mama yangu, hapa Bombo, kwenye mteremko. Ilijengwa miaka ya tisini kwa matofali ya kuchoma, plasta ya saruji, paa la mabati. Ukuta wa chumba anacholala, ule ulioelekea kwa jirani wa juu, umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi imevimba malengelenge, ukiigusa inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Kabati lililoegemea ukuta huo limeota ukungu mgongoni. Mama ana pumu, na tangu mvua za Machi zianze usiku wake umekuwa wa kukohoa.

Kinachonisumbua kuliko maji yenyewe ni ushauri. Muuza rangi wa hadiwea anasema ndoo mbili za rangi ya kuzuia maji zinatosha; hakuuliza hata ukuta uko upande gani. Fundi mwingine anataka tubandue plasta tuweke vigae mpaka dirishani. Kijana mmoja alikuja na kipimo chenye sindano mbili, akakigusisha ukutani, kikalia, akasema DPC (tabaka la kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani) imekufa na dawa ya kupiga ndani ya ukuta ni shilingi milioni tatu na nusu. Wote wana uhakika, na kila mmoja ndiye muuzaji wa hicho anachonishauri. Pesa tuliyo nayo inatosha jambo moja tu. Nitajuaje anayesema kweli?

Fundi Mstaafu, Jinja

Binti yangu, mpe mama pole. Kwanza mhamishe chumba leo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na pumu imo humo waziwazi. Ukuta unaweza kungoja, kifua hakingoji.

Sasa ushauri. Fundi wa kuaminika utamjua kwa miguu yake: ataanzia nje. Atazunguka nyumba, atatazama ardhi imefika wapi ukutani, maji ya paa yanaangukia wapi, bomba limepita wapi. Asiyetoka nje ya chumba hajachunguza chochote.

Kipimo cha sindano mbili hakisemi uongo, ila hakisemi alichokuambia yule kijana. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyolowa inapitisha umeme vizuri. Ukuta wenye unga mweupe utakifanya kilie hata kama unyevu si mwingi. Vilevile hakijui maji yametoka wapi.

Maji yenyewe yanakuambia yalikotoka ukiangalia alama yake. Tofali letu la kuchoma lina vitundu vidogo na linavuta maji ya ardhini kama utambi wa taa; kwa kawaida hupanda mpaka karibu mita moja, yakaacha mstari wa chumvi pale yanapokaukia. Ndiyo maana unaona kiuno. Doa linaloanzia juu na kushuka ni la paa. Doa la mahali pamoja lisilojali kiangazi wala masika, shuku bomba: funga koki zote za ndani usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi kabla mtu hajafungua.

Kuna na unyevu wa pumzi na mvuke wa jikoni unaogandia ukuta wa baridi. Huo utaujua kwa kipande cha kavera (nailoni) angavu: kibandike ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke, fungua madirisha. Yakiwa nyuma ya kavera, yanatoka ukutani.

Halafu chukua jembe, nenda nje ya ukuta ule, fukua polepole. Tafuta utepe mweusi wa lami au nailoni kwenye kiungo cha matofali. Hiyo ndiyo DPC. Inatakiwa iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 au zaidi. Rudi utuambie.

Mpangaji wa Tororo

Dada, vigae vikatae kabisa. Nyumba niliyokuwa nimepanga, mwenye nyumba alifunika ukuta wa hivyo kwa vigae. Maji yalikosa pa kutokea, yakapanda yakatokea juu ya vigae, na masika yaliyofuata doa lilikuwa limevuka dirisha. Rangi ya mafuta nayo ni hivyohivyo, inayafungia maji ndani.

Mkaguzi wa Majengo, Kampala

Nakubaliana na mzee wa Jinja, ila naomba tusiitupe dawa ya kupiga ndani ya ukuta moja kwa moja. Ni tiba halali kwa nyumba isiyo na DPC, na nyumba kama hizo ni nyingi. Lakini udongo wa nje ukiwa umepanda juu ya pale dawa inapopigwa, maji yataingia juu yake na milioni tatu na nusu zitakuwa zimekwenda.

Kuhusu nani wa kumwamini: tenganisha malipo ya kuchunguza na malipo ya kutengeneza. Mlipe mtu aje atazame na aandike alichokiona, na muafikiane tangu mwanzo kwamba kazi ya kurekebisha hatapewa yeye. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina orodha ya waliosajiliwa. Mwombe namba yake, ihakikishe. Na katika maandishi yake tafuta neno "chanzo". Ripoti inayotaja dawa bila kutaja chanzo cha maji, irudishe.

Binti wa Bombo

Asanteni sana, wazee na ndugu zangu. Mama amehamia chumba cha mbele. Kavera ililowa upande wa nyuma.

Tumefukua nje pamoja na kaka yangu. DPC ipo! Utepe mweusi, mzima, lakini uko chini ya udongo kiasi cha mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko. Jirani wa juu alisawazisha kiwanja chake, na marram (udongo mwekundu wa changarawe) aliyoisukuma ikateremka kidogokidogo mpaka ukutani kwetu. Tena upande huo mabati hayana mfereji, maji yote yanamwagika palepale. Sasa naanzia wapi? Na jirani nimwambie nini? Ni mtu mwema, tunazikana naye.

Fundi Mstaafu, Jinja

Basi ukuta hauna ugonjwa, umezikwa. Nimefurahi sana, kwa maana hiyo ni kazi ya jembe.

Ondoeni udongo urefu wote wa ukuta, mpaka sentimita 15 chini ya utepe, na chini yake chimbeni mtaro wenye mteremko unaotoka nje ya nyumba, mjaze kokoto. Msichimbe kupita kitako cha msingi. Upande wa jirani jengeni kizuizi cha mawe chenye matundu ya kutolea maji, vinginevyo marram itarudi. Mfereji wa paa usiuache: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wa paa wa mita za mraba 40, mvua ya milimita 20, ni lita 800 zinazomwagwa mguuni pa ukuta kwa mvua moja.

Jirani mwalike aje aone shimo kwa macho yake kabla hamjaanza, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) awepo, kwa wema, si kwa mashtaka. Kizuizi kinaweza kuwa chenu nyote wawili.

Ndani, banduani plasta yenye chumvi mpaka sentimita 30 juu ya mstari, kisha acheni tofali lipumue. Kwa kawaida tunahesabu inchi moja ya unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa inchi tisa msiukimbilie. Mtaro na mfereji viwe tayari kabla ya mvua za Septemba. Plasta mpya iwe saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, na juu yake chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta.

Mkaguzi wa Majengo, Kampala

Piga picha za shimo na utepe kabla hamjafukia kokoto. Atakayekuja tena na kipimo chake, mwonyeshe hizo kwanza.