Simu za kwanza za kioo cha kugusa: iPhone ya 2007, HTC Dream au Nokia 5800?

Mwalimu_Gangilonga

Ndugu wanajukwaa, nafundisha kompyuta hapa Iringa. Ningependa wanafunzi wangu washike mojawapo ya simu janja zilizotangulia kuwa na kioo cha kugusa, kwa sababu wao wamezaliwa wakakuta kila simu ni ya kupapasa na wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Nimebakiwa na tatu: iPhone ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Marekani Juni 2007, HTC Dream ya 2008, simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na Android, na Nokia 5800, iliyotangazwa Oktoba 2008. Fedha niliyo nayo inatosha moja tu. Ni ipi itakayowafundisha zaidi?

Fundi_Mwanjelwa

Mwalimu, natengeneza simu Mbeya kwa miaka mingi, na nakushauri uanze na kioo chenyewe. Kioo cha Nokia 5800 ni cha aina ya rezistivu: kina matabaka mawili membamba yaliyoachana kidogo, la juu likiwa la plastiki inayobonyea, na unapolibonyeza hugusana na la chini, umeme ukapita hapo yalipogusana, nayo simu ikakokotoa mahali penyewe. Ndiyo maana kinakubali ukucha, kalamu, hata kijiti. Vioo vya iPhone na HTC Dream ni kapasitivu. Hivyo havihitaji nguvu yoyote, kwa kuwa mwili wa mtu hupitisha umeme, na kidole kikikaribia tu, chaji iliyotandazwa chini ya kioo hubadilika na simu huhisi badiliko hilo. Kwa njia hiyo iPhone iliweza kufuata vidole viwili kwa pamoja, mtu akaikuza picha kwa kuvitanua. Nokia 5800 haikuweza.

Mkulima_Makete

Shikamoo Mwalimu. Naomba nitetee hicho kioo cha kubonyeza, kwa kuwa nimekitumia katika baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai, sakitu ikiwa bado imelala juu ya majani ya viazi, nilikuwa napiga simu bila kuvua glavu, wakati kaka yangu mwenye simu ya kioo kapasitivu alilazimika kuvua kwanza, na mara nyingi simu ilikatika kabla hajapokea. Zaidi ya hayo, Nokia 5800 ilikuwa na redio, ilikuja na memori kadi ya GB 8, na iliweza kurusha wimbo kwa Bluetooth kwenda simu nyingine, jambo ambalo iPhone haikuruhusu. Kwa vijana wa wakati ule, simu isiyoweza kupokea wimbo kutoka kwa rafiki ilikuwa na upungufu mkubwa. Kasoro yake naikiri: plastiki ile huchubuka, na yangu ilipochakaa, herufi za pembeni zilitaka kubonyezwa kwa nguvu.

Binti_Tukuyu

Kwetu Rungwe tatizo si glavu, ni mvua. Tone likitua juu ya kioo kapasitivu, simu huweza kudhani ni kidole. Hata hivyo mimi ningechagua HTC Dream, kwa sababu ina kibodi halisi inayojitokeza unaposukuma kioo pembeni. Ilipoanza kuuzwa haikuwa na kibodi ya kwenye kioo kabisa. Hiyo ililetwa na Android 1.5 mwaka 2009. Mwanafunzi akiiona ataelewa kwamba hata waundaji walikuwa bado hawajakiamini kioo kwa kazi ya kuandika.

Mwalimu_Gangilonga

Nashukuru, hoja ya kibodi sikuifikiria. Na iPhone je? Wengi huniambia ndiyo iliyobadilisha mambo.

Fundi_Mwanjelwa

Ukihesabu sifa moja moja, Nokia inaishinda. iPhone ile haikuwa na 3G, haikuwa na GPS, haikurekodi video, na uwezo wa kunakili na kubandika maandishi uliongezwa mwaka 2009. Lakini shika zote mbili, upitishe kidole kwenye orodha ndefu ya majina: kwenye iPhone orodha huteleza pamoja na kidole na kusimama polepole, ilhali Nokia ilitumia Symbian, mfumo uliolelewa kwenye simu za vitufe, kiasi kwamba katika orodha nyingi uliligusa jina mara ya kwanza kulichagua na mara ya pili kulifungua. Tofauti hiyo haionekani katika jedwali la sifa, nami naiona kubwa kuliko zote.

Mwalimu_Gangilonga

Basi nachukua Nokia 5800, na sababu ni kile kioo cha kubonyeza ulichokieleza mwanzoni. Kioo kapasitivu wanafunzi tayari wanakijua kupitia simu za wazazi wao. Kisichojulikana kwao ni kile cha kubonyeza. Nitawapa glavu na kijiti, wajaribu Nokia hiyo na simu ya kisasa kabla sijawaeleza chochote.

Fundi_Mwanjelwa

Vizuri sana. Betri yake ni BL-5J, ambayo ilitumika pia kwenye Lumia 520, kwa hiyo ulizia kwa mafundi. Kabla ya kulipa, itoe uilaze juu ya meza bapa na uisukume kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba, usiichukue.