Marseille na mama mzee: tukae Cassis, mjini au L'Estaque?

BintiKibokoni:

Assalamu alaykum jamaani. Naomba ushauri wa mtu aliyekaa Marseille, kule Ufaransa, akapanda mabasi yake na kununua nyama yake.

Mdogo wangu ameolewa huko na Mngazija, amejifungua salama, na Agosti in shaa Allah atakuwa keshatoka arubaini. Mamangu ameshikilia lazima ampakate mjukuu; simu ya video haimtoshi tena. Kwa hiyo twaenda mimi, yeye na wanangu wawili wa kiume, shule zikifungwa. Mdogo wangu anakaa mtaa wa 15, ghorofa ya saba, vyumba viwili, na lifti yao hufanya kazi siku ikipenda. Kulala kwake hatutaweza. Mama ana magoti, ngazi nyingi zamtesa.

Sasa kila shemeji ana lake. Mmoja asema Cassis, mji mdogo wa pwani nje ya Marseille, na picha zake kwa kweli zapendeza. Mwengine asema kaeni mjini karibu na bandari ya zamani. Wa tatu ametaja L'Estaque, na wenzake wakanyamaza, sijui kwa nini.

Mama amezaliwa Mji wa Kale, hajapata kukaa mbali na bahari. Nataka akiamka aione, si kuambiwa iko nyuma ya majumba. Watoto wanajua kuogelea ila wamezoea Nyali, maji yakipwa watembee mpaka mwambani. Nyama iwe halali. Na kila siku tufike kwa mdogo wangu bila kumchosha mama, kwa maana hiyo ndiyo safari yenyewe. Pesa zipo za kiasi.

MwanaKilindini:

Wa alaykumu salaam dadangu, na hongera ya mtoto. Mimi ni wa Majengo, nimeoa kwa Wangazija, kazi yangu ni bandari ya huku. Nitakueleza kama ningemweleza dadangu wa tumbo moja.

Cassis kwanza, maana ndiyo inayowavuta wageni wote. Ni pazuri, hilo sikatai. Lakini stesheni yake iko kama kilomita tatu kutoka mjini, juu kwenye mashamba ya mizabibu, ukishuka treni wangoja basi. Bichi yake kubwa ni kokoto. Agosti watu wamejaa na bei ya vyumba iko juu. Kisha kutoka huko mpaka kwa mdogo wako ni basi, treni mpaka Saint-Charles, stesheni kuu ya Marseille, metro, halafu basi jengine. Ni sawa na mtu anayekuja harusi ya Majengo akaenda kupanga Diani: asubuhi feri, jioni feri, na bi harusi hamuoni.

L'Estaque ni mtaa wa 16, mwisho wa mji upande wa kaskazini-magharibi, na umepakana na mtaa wa 15. Hilo pekee lingetosha kwangu. Palikuwa kijiji cha wavuvi, baadaye viwanda vya vigae. Yule mchoraji Cézanne alikuwa akija kuichora ghuba yake. Watu hunyamaza ukikutaja kwa sababu ni upande wa kaskazini, na upande wa kaskazini wa Marseille una sifa mbaya magazetini. Mimi nakuambia ni mahali pa familia. Wazee wanakaa barazani bandarini jioni, watoto wanakula chichi frégi, ule unga mtamu wa kukaanga, na mama atafurahia panisse: ni unga wa dengu uleule wa bhajia, umepikwa ukagandishwa, ukakatwa na kukaangwa.

Basi la 35 latoka La Joliette kufuata bandari mpaka hapo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba kuna boti ya abiria ya mji hadi Vieux-Port, hiyo bandari ya zamani, na mama ataipenda kuliko metro: amekaa, upepo wampiga usoni, anaona meli za Algiers na Corsica zimefunga gati. Ukipita L'Estaque kidogo kuna bichi za Corbières, ndogo ndogo, chini ya mlima. Mlima huo ndio unaozuia mistral.

Na mistral ndio jambo ambalo shemeji zako hawakukwambia. Ni upepo wa kaskazini-magharibi, mkavu, hushuka bonde la mto Rhône kwa nguvu na kuingia baharini. Sisi tuna kusi na kaskazi, tunajua mwezi gani utavuma upi. Huu hauna mwezi. Mbingu iko safi, jua linawaka, ukitia mguu majini wauondoa. Upepo unayasukuma maji ya juu yenye joto yaende bahari kuu, na maji ya chini yanapanda kushika nafasi yake. Bahari iliyokuwa nyuzi 23 au 24 yaweza kushuka mpaka 16 kwa siku moja au mbili. Cassis na pwani ile ya miamba hupatwa sana. Corbières nako maji hupoa, ila angalau mama ataweza kukaa ufuoni bila kurushiwa mchanga machoni.

Sasa mambo ya kuangalia, na haya nayasema kwa uzito. L'Estaque imepanda mlima, na nyumba nyingi zenye mandhari nzuri zafikiwa kwa ngazi. Stesheni ya treni nayo iko juu. Usikubali nyumba mpaka mwenyewe akuandikie: kutoka barabarani mpaka kitandani ni vipandio vingapi? Tafuta chini, barabara ya bandarini. Tena kuna moto. Tarehe 8 Julai 2025 moto ulianza Les Pennes-Mirabeau, mistral ukausukuma mpaka L'Estaque, nyumba zikaungua na uwanja wa ndege ukafungwa kwa saa kadhaa. Nyumba ya chini karibu na maji ina njia rahisi ya kutoka kuliko ya juu kwenye misonobari. Simu zenu zikilia kwa sauti kali isiyozoeleka, ni tangazo la serikali. Someni na mfuate.

UmmuYasir:

Ndugu MwanaKilindini amesema kweli kuhusu Cassis, lakini mimi L'Estaque simpeleki mama wa mtu aliye na watoto wa kuogelea. Ningekaa Corniche, ile barabara ya pwani ya mjini, karibu na bichi ya Prophète. Ni mchanga, maji mafupi, waokoaji wapo majira ya joto, na basi la 83 lapita mlangoni kutoka Vieux-Port. Wangu wamekulia hapo.

Dada, wanao uwaambie mapema: huku maji hayapwi. Kwetu siku za bamvua bahari huondoka zaidi ya mita tatu na watoto wakapata uwanja mzima wa kucheza. Huku tofauti ya kupwa na kujaa haifiki nusu mita, hutaiona kwa macho. Palipo na kina asubuhi pana kina jioni. Wala hakuna mwamba wa nje wa kuvunja mawimbi. Bichi za Prado ni pana, zimejengwa kwa kifusi kilichochimbwa wakati wa kutengeneza metro, lakini siku ya upepo huko ni kwa wale wa mbao za tanga.

Na pale pale Corniche kuna nyumba ndogo ya kipimo cha bahari, ya miaka ya 1880. Urefu wa milima yote ya Ufaransa bara wahesabiwa kuanzia hapo. Wanangu hupenda kusema wamesimama kwenye sifuri ya nchi nzima.

Ila kwa mdogo wako itakuwa basi la 83, kisha laini ya pili ya metro mpaka kituo cha Bougainville au Gèze, halafu basi. Kila siku. Hilo nakubali ni zito kwa magoti. Na nyumba za Endoume nyuma ya Corniche ziogope, ni ngazi tupu.

Mlikoni:

La Ciotat jamani, ule mji wa pwani baada ya Cassis, mbona haitajwi? Mchanga, bei nafuu kuliko Cassis, watu wachache wa kujionyesha. Mimi nilikaa huko na familia tukafurahi.

MwanaKilindini:

La Ciotat ni pazuri, ndugu yangu, kwa aliyekuja kupumzika. Stesheni yake pia iko mbali na mji, na ni mbali zaidi ya Cassis. Dada huyu hakuja kupumzika, amekuja kwa mtoto.

BintiKibokoni:

Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Nimemsomea mama majibu yenu. Aliposikia habari ya boti aliuliza ina paa. Nina maswali bado. Kuhusu viza, naambiwa nionyeshe mahali pa kulala. Je, barua ya mdogo wangu yatosha, au nilipie nyumba kabla? Na swala, mwezi wa Agosti magharibi ni saa ngapi huko? Mama halali mpaka aswali isha.

UmmuYasir:

Mwanzoni mwa Agosti jua hutua karibu saa tatu usiku, na isha ni baada ya saa nne na nusu. Mwisho wa mwezi magharibi husogea nyuma kama robo tatu ya saa. Mama alale mchana baada ya adhuhuri, wenyeji wenyewe wa huku hufunga madirisha ya mbao na kulala. Usimzoeze kukaa macho bila usingizi wa mchana, ataumwa.

MwanaKilindini:

Barua ya mdogo wako ni ile ya ukaribisho inayotolewa na ofisi ya meya, na maana yake ni kwamba mtalala kwake. Watakagua hata ukubwa wa nyumba. Kwa watu wanne kwenye vyumba viwili sikushauri. Chukua nyumba ya kupanga unayoweza kuifuta bila kupoteza pesa, chapisha risiti yenye majina ya nyote wanne, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu kwa kila mtu. Mdogo wako aandike barua ya kawaida kueleza ujio wenu, na aweke nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Afisa akiona bibi anakwenda kuona mjukuu, kila karatasi isimulie hivyo hivyo.

BintiKibokoni:

Basi tumekata shauri. Nimepata nyumba L'Estaque, upande wa chini, vipandio vitatu tu, mwenyewe ameandika na kunitumia picha ya mlango. Dirisha la mama laangalia bandari. Kwa Prophète tutakwenda siku moja, UmmuYasir, wanangu wakasimame hapo kwenye sifuri. Nyama na vitu vya jikoni tununue wapi?

MwanaKilindini:

Nyama halali mtaa wa 15 na 16 haitafutwi, iko kila pembe. Muhogo, ndizi za kupika, bamia na viungo nenda Noailles, mtaa wa soko nyuma tu ya Vieux-Port, asubuhi kabla jua halijapanda. Barabara ni nyembamba, mkoba uwe mbele. Samaki wauzwa na wavuvi wenyewe hapo Vieux-Port, kwenye gati.

Mkifika Saint-Charles na mizigo, msitoke kwa mlango wa mbele wenye ngazi kubwa, zile ni vipandio 104. Metro iko chini ya stesheni yenyewe, zote mbili zapita hapo, na Vieux-Port ni kituo cha pili kwa laini ya kwanza. Boti ina paa, mwambie mama. Ila mistral ukiwa mkali haitoki, kwa hiyo asubuhi angalieni bendera za bandarini kabla hamjatoka; zikiwa zimekaza kuelekea baharini, pandeni la 35.