Tupeane uzoefu: usiku saitransi ilipokukamata na hukujua utatokea wapi

Mzee wa Besi (mleta mada)
Wakuu, salaam. Uzi wa saitransi huu, ule muziki wa kielektroniki wa kasi wa kukesha nao. Jana dogo wangu wa kidato cha pili alikuwa anaangalia video za magari kwenye simu, mara nikasikia Becoming Insane ya Infected Mushroom, wale jamaa wa saitransi, inapita humo. Nikaganda na kikombe mkononi. Mama watoto akauliza kulikoni, nikamwambia basi tu, nimekumbuka kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo, Cape Town, 2008. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Mkongo wa Lubumbashi. Jumamosi moja akabeba mkeka, mablanketi na dumu la maji, akaniambia twende shamba, tunakesha. Mimi nikajua mkesha wa maombi, nikachukua na Biblia. Kufika, bonde zima watu wanarukaruka mbele ya spika, na waliruka hivyo hivyo mpaka jua likatoka juu ya mlima. Biblia nilikaa nayo ndani ya koti usiku kucha.

Najua humu tuko wachache lakini tupo. Uliyefika Goa ya India, Ureno, Hungaria, Afrika Kusini, tiririka. Albamu gani ilikuingiza, sherehe gani ilikutoa. Wazee wa singeli karibuni ila msiharibu uzi.

Kobe Mzima
Naweka kiti changu hapa.

Binti Chumbageni
Mimi sherehe sijakanyaga hata moja, nasema ukweli. Mimi ni wa albamu. Kaka yangu baharia alirudi 2003 na CD tatu, mojawapo Are You Shpongled? ya kundi la Shpongle, 1998. Filimbi ile ni ya Raja Ram, mzee ambaye alishaanza kupiga na bendi ya Quintessence kule London kabla baba yangu hajaoa. Mitambo ni ya Simon Posford, huyo huyo anayejiita Hallucinogen.

Nilikuwa naisikiliza sebuleni nimelala kwenye mkeka, taa nimezima. Siku moja bibi akapita, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, na nyimbo zenyewe mnazijua urefu wake. Akaniuliza, "Hawa wanampunga nani?" Bibi ujana wake alikaa sana kwenye ngoma za pepo, alijua anachouliza. Nikamwambia hawampungi mtu. Akasema ndiyo kasoro yake: ngoma nzuri, lakini hakuna anayemuuliza pepo anataka nini.

Kwangu Twisted ya Hallucinogen, 1995, ndiyo iko juu ya zote. Hapo sibishani na mtu.

Juu ya 200
Mleta mada nisamehe, nimejizuia nimeshindwa. Mapigo 145 kwa dakika ndiyo mnaita kukamatwa? Manzese hiyo ni kasi ya kubembelezea mtoto. Singeli inaanzia 200 huko na kupanda. Lebo ya Kampala ilipotoa albamu ya singeli Sounds of Sisso mwaka 2017, Wazungu hao hao wa mashambani ndio waliobaki midomo wazi. Nyie mnafuata nini kwao?

Fundi Mitambo
@Juu ya 200 kasi siyo hoja, mkuu. Sikiliza vizuri: kiki, yaani ule mdundo mzito wa ngoma, inapiga, halafu besi inajaza zile nafasi tatu kabla ya kiki inayofuata. Ndiyo maana unasikia kama farasi anakimbia. Mwili unashika kiki, kichwa kinafuata vile visauti vinavyojikunja juu yake. Singeli inakurushia kila kitu kwa mpigo. Hii inakuzungusha masaa manane bila wewe kujua umezungushwa.

Na kingine watu hawajui. Zamani Goa ma-DJ hawakubeba santuri, joto lile zinapinda. Walipigia kanda, baadaye zile kanda ndogo za dijitali za DAT. Sasa kanda huwezi kuichezea kasi kama santuri ili nyimbo mbili zilingane, kwa hiyo watunzi wakawa wanaacha mwanzo mrefu na mwisho mrefu usio na ngoma, ili moja iingie wakati nyingine inazama. Goa Gil, yule Mmarekani wa San Francisco aliyefariki Oktoba 2023, alibaki na DAT zake miaka wenzake wote wameshahamia kwenye kompyuta, na alikuwa anapiga saa 24 mfululizo peke yake.

Juu ya 200
Somo limeeleweka. Bado mnalala.

Pune Mpaka Lini
Hapo kwenye Goa umenitonesha. Sikutaka kuandika lakini acha niandike.

Desemba 2009, tumemaliza mitihani Pune, India huko huko. Tukapanda basi la usiku watu wanne: Wabongo wawili, Mkenya mmoja, Mnyarwanda mmoja. Asubuhi tuko Mapusa, mchana tuko Anjuna tumekodi skuta mbili. Mwenzangu nitamwita Mchumi, maana ndicho alichokuwa anasoma. Mtoto wa mchungaji, hajawahi kuonja hata bia.

Mnaojua Goa mnajua sheria: saa nne usiku spika za nje zinazimwa mpaka alfajiri. Hapo ndipo minong'ono inapoanza, fulani kasema kuna sehemu. Sehemu yenyewe siitaji. Tuliendesha kama nusu saa katikati ya minazi, mara tunasikia ardhi kabla ya muziki. Mnanielewa? Kifua kinatetemeka na sikio bado halijapata kitu.

Saa saba usiku Mchumi akapewa kitu na mtu tuliyefahamiana naye dakika tano. Kidogo kama kucha. Nikamwambia acha. Akaniambia, "Mimi nafanya utafiti." Saa nane akaanza kuniuliza kwa nini mti unahesabu. Nikageuka kumtafutia maji, kurudi hayupo.

Nikamtafuta kwenye spika zote. Nikashika mabega ya watu kumi na tano siyo yeye. Nikaingiza mkono mfukoni nitoe simu nipate tochi: simu imezima, na ufunguo wa skuta haupo. Nikapiga magoti nikaanza kupapasa mchanga katikati ya watu wanaoruka, mtu akadhani ndiyo staili, akapiga magoti na yeye.

Halafu mtu akasema neno moja: polisi. Jenereta ikazimwa. Wakuu, mamia ya watu gizani, kimya, unasikia nyenje na bahari tu. Pasipoti iko chumbani, viza ya mwanafunzi, na kule Pune tunaripoti ofisi ya wageni. Nikawaza baba alivyouza ng'ombe. Nikaona kabisa nashushwa kwenye ndege Dar na mama amesimama

Ngoja, bosi anapita. Narudi.

Kobe Mzima
WEWE!!

Dada wa Hanau
Umekatia hapo? Kaka, una roho mbaya.

Mwanaharakati Huru
Hii chai. Tena ina tangawizi.

Fundi Mitambo
Siyo chai, jenereta kuzimwa Goa ni kawaida sana enzi hizo. Hapo kwa mti unaohesabu ndipo nina wasiwasi.

Mtumishi 77
Muziki usio na maneno, mnakesha porini, mnapewa vitu na wageni, halafu mnashangaa. Huyo mtoto wa mchungaji aliombewa?

Binti Chumbageni
Mtumishi, mleta mada alikwenda na Biblia. Tulia.

Dada wa Hanau
Tukimngoja, niwape ya Ozora. Mimi wa Mombasa, nafanya kazi ya uuguzi huku Ujerumani. Wenzangu wa zamu wakanivuta Hungaria, Agosti 2018. Ile sherehe ilianza 1999 na kupatwa kwa jua, watu wakakusanyika pale shambani kwa sababu kivuli kinapita, na kuanzia 2004 ikawa kila mwaka. Jukwaa kubwa liko bondeni, ukikaa mlimani unawaona wote chini kama siafu. Nilichopenda: watoto wamevalishwa viziba masikio vikubwa, wazee wa miaka sabini wanacheza taratibu, hakuna anayekusukuma. Nilichochukia: vumbi. Nilipiga chafya nyeusi wiki nzima kazini. Na siku ya nne nilikuwa nimelala hemani naisikia kiki wakati muziki umesimama.

Sherehe ya Boom ya Ureno bado sijafika. Wanasema ziwa linasaidia.

Mzee wa Besi
Boom nilikwenda 2014. Ziwa la Idanha-a-Nova linasaidia mpaka saa tano asubuhi, baada ya hapo ni kikaango. Ila vyoo vyao vya mboji, vya kumwagia pumba badala ya maji, havinuki kama vya stendi nyingi ninazozijua. Turudi kwenye albamu. Mnasemaje kuhusu Converting Vegetarians ya Infected Mushroom?

Fundi Mitambo
Ndipo Infected Mushroom walipokufa. Classical Mushroom, 2000, unasikia watu waliosomea piano wameingia porini. Miaka mitatu baadaye wanakupa diski mbili, moja transi, nyingine vurugu.

Dada wa Hanau
Hiyo "nyingine" ndiyo nzuri. Nyie mnataka watu wapike pilau moja miaka ishirini.

Fundi Mitambo
Pilau ikiwa nzuri, ndiyo.

Dada wa Hanau
Basi kaka baki na pilau yako. Mbona Protoculture wa Afrika Kusini alianzia saitransi akahamia transi ya kawaida na hukumlilia?

Fundi Mitambo
Nani kasema sikulia.

Pune Mpaka Lini
Nimerudi. Samahani wakuu, kikao.

Polisi hawakuja. Hatujui kama walikuwapo. Baada ya kama robo saa jenereta ikawashwa, muziki ukarudi pale pale ulipokatika, na umati ukapiga kelele mpaka nikalia. Sikulia kwa furaha.

Kulipopambazuka ndipo nikaona nyuma kabisa kuna wale kina mama wa chai. Waliowahi kufika wanawajua: mikeka, taa ya mafuta, jiko, chai na mayai. Mchumi kakaa kwenye mkeka wa mwisho, kafunikwa shuka la mama mmoja, hana viatu. Yule mama alimwona anaelekea baharini saa nane na nusu, akamkamata mkono, akamkalisha. Akamvua viatu, akachukua na pochi, akavificha nyuma ya jiko ili asiondoke. Kila akitaka kusimama, anampa chai. Nikamwinamia kumshukuru karibu niguse ardhi. Akanitazama, akaninyooshea vidole: vikombe kumi na moja. Tukalipa vyote, na mayai mawili.

Ufunguo haukuonekana mpaka leo. Tulisukuma skuta kwa zamu hadi barabarani, mwenyewe akaja na ufunguo wa akiba na hasira. Mchumi sasa ana watoto watatu na hataki kusikia hata kengele ya aiskrimu.

Mwanaharakati Huru
Vikombe 11. Nilisema ni chai mkanibishia.

Kobe Mzima
😂😂 nimefika mwisho

Mtumishi 77
Huyo mama ni malaika. Hilo nakubali.

Dada wa Hanau
Nikiongea kama muuguzi: chochote usichokijua kilikotoka usimeze, na mwenzako akianza kuongea na miti usimwache hata kwa dakika ya kutafuta maji. Mpeleke hema la matabibu, kwenye sherehe kubwa lipo. Viziba masikio ni lazima. Na wekeni mahali pa kukutana kabla hamjaanza kucheza, siyo "mbele ya spika ya kushoto", spika zote ziko kushoto kwa mtu fulani.

Juu ya 200
Viziba masikio kwenye muziki? Si ukae nyumbani.

Mzee wa Besi
Ufunguo funga kwenye kamba shingoni. Mkeka ubebe. Biblia hiari.

Fundi Mitambo
Na usiondoke usiku. Nyimbo nzuri wanaziacha kwa ajili ya asubuhi.

Binti Chumbageni
Au baki sebuleni kama mimi, chai bure.

Mgeni wa Jana
Habarini, mimi mgeni humu. Kuna wimbo nimeutafuta miaka sita, nilisikia kwenye gari la Mwarabu mmoja Muscat. Hauna maneno. Unakwenda dugudugu-dugudugu-dugudugu, halafu unanyamaza, sauti ya mtu inasema kitu kama roboti, halafu dugudugu tena. Kuna anayeujua?

Fundi Mitambo
Mkuu, hapo umetaja zote.

Mgeni wa Jana
Huu kuna ndege analia katikati.

Fundi Mitambo
Ndege gani?