Jiwe jeupe lenye vitundu au jeusi zito kwa njia ya bustani?

Mwuliza (Kigamboni): Wakuu, nataka kutandika njia kutoka getini hadi barazani, kama mita 12. Dalali kaniletea mawe mawili: moja jeupe lenye vitundu, jingine jeusi zito, anasema limetoka Arusha. Nitayatambuaje, na lipi linafaa kukanyagwa?

Fundi mawe: Mkuu, lichubue kidogo hilo jeupe, kisha likamulie ndimu. Likitoa povu ni jiwe la matumbawe, lilelile lililojenga Mji Mkongwe. Tazama vitundu kwa karibu: vingine vina mistari kama nyota. Humo waliishi viumbe wadogo wa baharini. Kwa kuzungushia maua ni zuri sana, lakini kwa njia, hapana. Mimi nililitandika uani kwa mama. Masika ya kwanza likaota ukungu wa kijani, mama akateleza akateguka mkono. Niliyang'oa yote siku ileile.

Jeusi la Arusha ni la volkano, halitoi povu. Linadumu, ila mchana linachoma nyayo.

Mdau wa Mwanza: Huku tuna matale, yaani mawe ya graniti, yana chembe za kijivu na nyeupe zinazometa. Ukiyapata, kataa yaliyong'arishwa, yanateleza.

Mwuliza: Limechemka kama soda! Nachukua jeusi. Nitandike juu ya mchanga tu?

Fundi mawe: Hapana. Shindilia kifusi sentimita 10 kwanza, kisha mchanga sentimita 4. Weka mteremko kidogo, maji yasirudi barazani.