Tupeane uzoefu: sheria ya pombe ilishawahi kuingia mpaka chumbani kwenu?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mimi nimesomeshwa na gongo, sioni aibu kusema. Mama alikuwa anapika uani usiku wa manane, pipa na bomba, ili moshi usimchome kwa majirani. Hapa Tanzania, tangu sheria ya mwaka 1966, kuipika bila leseni ni kosa, na kukutwa nayo tu ni kosa pia. Hilo la kukutwa nayo ndilo lililotutesa, maana nyumba nzima ilikuwa inanuka gongo, hadi sare zangu za shule. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mwembe. Nikiona mgambo, napiga mluzi.

Siku moja nikapitiwa na usingizi. Walifika alfajiri, mama yuko msibani. Wakapekua jiko, wakapekua stoo, wakaingia hadi chumbani kwa bibi aliyekuwa hajiwezi. Mmoja akapiga magoti, akavuta dumu la lita tano kutoka chini ya kitanda, bibi akiwa juu yake anawatazama. Mimi nina miaka kumi, nimesimama mlangoni. Mama alilipa faini kwa kuuza mbuzi wawili.

Na nyie leteni ya kwenu.

#2
Pole mkuu. Sisi Wachaga mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa ya posa au ya msiba hakuna anayekuuliza. Ukianza kuuza kibuyu kwa kibuyu, hapo unaulizwa kibali. Pipa ni lilelile, mpishi ni yuleyule shangazi!

#3
Niko Nakuru. Mwaka 2010 tuliambiwa chang'aa, gongo ya huku Kenya, sasa ni halali, watu wakashangilia. Kumbe halali ni ile ya kiwandani, ya chupa, yenye leseni. Ya mama mboga wetu ilibaki kumwagwa mtaroni kama kawaida. Lakini mimi kilichoniumiza ni masaa. Sheria hiyohiyo, tuliyokuwa tunaiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, zifungwe saa tano usiku. Mzee wangu akaona asisumbuliwe, akawa ananunua na kubeba. Sebule ikageuka baa, marafiki zake wakahamia kwangu, na kijana wangu wa darasa la sita akawa ndiye wa kutumwa glasi. Serikali ilimtoa baa ikaniletea.

#4
Nilikuwa dereva Dubai kabla ya 2020. Sheria ilitaka uwe na leseni hata ya kunywa bia moja ndani ya chumba chako, mlango umefunga. Nami Mwislamu, hivyo leseni yenyewe sikuwa na haki ya kuiomba. Tulikuwa tunakunywa redio imezimwa, kopo tunalifunga kwenye gazeti kama mzigo wa wizi. Baadaye wakalegeza, mimi nimesharudi Tanga.

#5
Viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku Tanzania Machi 2017, polisi hawakunigusa hata siku moja. Mama watoto ndiye aliyekuwa anapekua mifuko ya suruali. Akikikuta: "Waziri Mkuu amekataza." Lini alianza kumsikiliza Waziri Mkuu, sijui.

#6
Mleta mada, bibi walimfanya nini?

Mleta mada
Hawakumgusa, mkuu. Walimwomba radhi wakaondoka. Dumu la pili alikuwa amelikumbatia ndani ya blanketi.